Glasi Iliyorudi Imejaa

Katika kanisa letu la Likasi, vyombo vya Meza ya Bwana vilioshwa na wake wa wachungaji, na siku zote waliosha wawili. Mmoja peke yake hakuruhusiwa. Tulifundishwa hivyo tangu shule ya Biblia, wakati waume zetu walipokuwa wakijifunza kuhubiri na sisi wanawake tukijifunza kushona, kulea watoto wa shule ya Jumapili na kuandaa Meza. Wawili wanaoka mkate, wawili wanamimina kinywaji, wawili wanaosha. Mama aliyetufundisha alikuwa akisema kwamba mahali penye vitu vya Mungu mtu asikae bila shahidi. Nikiwa kijana nilidhani hiyo ni heshima tu. Baadaye niliona kwamba ilikuwa pia namna ya kuchungana, ila tulikuwa tumeivalisha kitambaa cheupe.

Mwenzangu wa kuosha alikuwa mke wa mchungaji msaidizi. Mume wangu ndiye aliyekuwa mchungaji mkubwa. Yule mama alikuwa mdogo kwangu, aliniita yaya, yaani dada mkubwa, nami nilimwita mudogo. Tulikuwa tumekaa pamoja shuleni kwenye benchi moja, tukazaa miaka inayokaribiana, tukaazimana vitenge vya kuendea misibani. Alikuwa mtu wa kucheka. Mume wake akihubiri mno, alikuwa akinong'ona, "Yaya, bukari yangu inaungua kule nyumbani na huyu bado iko kwa Musa." Bukari ndiyo ugali wetu. Nami nilikuwa nikiuma midomo nisicheke mbele ya watu.

Siku ninayoikumbuka tulikuwa nyuma ya kanisa na beseni mbili za maji tuliyoyachota mbali, kwa sababu mabomba ya mtaa yalikuwa yamekauka. Miaka ile kila kitu kilikuwa kimekauka. Kampuni ya shaba iliyolisha mji mzima ilikuwa imelala. Wanaume waliozoea kwenda kazini kwa king'ora walikwenda sasa Kamatanda na majembe, kuchimba wenyewe, wakarudi na viatu vyekundu. Divai ya Meza ya Bwana haikupatikana. Tulichemsha maua mekundu ya ngai-ngai, tukatia sukari kidogo kama ipo, na mume wangu akayaombea. Wazee wengine walinung'unika kwamba Bwana hakunywa ngai-ngai. Mume wangu aliwajibu kwamba Bwana hakuwahi kukaa Likasi mwaka huu.

Basi tulikuwa tunaosha. Glasi zetu zilikuwa ndogo, zinakaa kwenye sinia ya mbao yenye matundu, na kila mtu akishanywa anairudisha glasi yake tunduni. Nikaona glasi moja imerudi imejaa. Ilikuwa kwenye ukingo wa sinia, upande wa benchi letu la mbele. Mimi nilikuwa nimekunywa yangu. Aliyekaa baada yangu alikuwa yeye.

Kwa desturi yetu kinachobaki hakimwagwi ovyo, hunywewa au humwagwa taratibu kwenye udongo kando ya ukuta wa kanisa. Nilikwenda ukutani nikaimwaga. Niliporudi, yeye alikuwa amekaza macho kwenye beseni, anasugua glasi iliyokwisha takata.

Mara ya kwanza nilijiambia ni ngai-ngai, labda tumbo lake halipendi uchungu ule. Mwezi uliofuata niliweka sukari zaidi, sukari ya watoto wangu. Glasi ikarudi imejaa. Mwezi mwingine nilimtazama kwa pembe ya jicho. Alipokea mkate, akaupitisha karibu na mdomo, mkono ukashuka na mkate bado umo ndani ya kiganja. Kisha akainua glasi, akaigusisha midomo iliyofungwa, akairudisha.

Msomaji asiyetoka katika makanisa kama yetu ajue jambo hili lilikuwa na uzito gani. Kwetu, mshiriki asiyekula Mezani ana dhambi anayoificha. Mke wa mchungaji asiyekula ana jambo baya kuliko dhambi. Miaka ile ya njaa vikundi vya maombi vilikuwa vimeota kila mtaa, na katika kila kikundi palikuwa na mtu wa kuonyeshwa ndoto. Mtoto akifa, walitafuta nani amemla. Mshahara ukikosekana, walitafuta nani ameufunga. Na wote walijua, kama wanavyojua jua linatoka wapi, kwamba mchawi hawezi kumeza mkate wa Bwana.

Mimi nilikuwa nimesoma. Nilijua Maandiko hayasemi hivyo. Hata hivyo alipoleta sahani ya sombe, yaani kisamvu, nyumbani kwetu, kama alivyozoea, niliipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, na alipoondoka nikaiweka mbali na watoto. Sikuitupa wala sikuipakua. Ilikaa pale juu ya kabati mpaka ikachacha.

Alianza pia kupunguza maneno. Kicheko kikaisha. Nikiingia alinyamaza, nikitoka alinifuata kwa macho. Nikajiuliza, ananificha nini? Leo najua kwamba naye alijiuliza vivyo hivyo juu yangu.

Habari haikukaa kwetu wawili. Kanisani watu wana macho, na benchi la mbele linaonekana na wote. Mzee mmoja wa baraza, aliyekuwa msimamizi katika kiwanda kabla hakijafungwa na ambaye alizoea kuwakagua watu, alikuja nyumbani kwetu asubuhi moja. Alikunywa chai yetu isiyo na sukari bila kulalamika, kisha akanigeukia mimi, si mume wangu.

"Mama Pasteri, weye unakaaka pembeni yake. Ile mama anakulaka Meza ao hapana?"

"Mzee, mbele ya Meza mimi nafunga macho."

"Unafunga macho!" Akacheka bila furaha. "Bon. Shiye wengine hatufunge. Tumeona. Na bamama ba maombi beko wanasema. Mukate haiingie mu shingo ya mulozi, Mama. Unajua."

Mume wangu alisema, "Mzee, hayo si mafundisho yetu."

"Baba Pasteri, mafundisho iko yako. Kanisa iko yetu." Aliweka kikombe chini. "Meza yenye kuya, akule, akunywe, batu bote baone. Kama hapana, bwana yake ashuke pa mimbari, na yeye mwenyewe aende kwa bale ba maombi bamuombee."

Sote watatu tulijua kuombewa kule kulikuwaje. Palikuwa na mwanamke wa mtaa wa pili aliyefungiwa chumbani bila chakula wala maji mpaka akakiri mambo ambayo hakuyafanya. Alipotolewa alikuwa hawezi kusimama, na watoto wake wakapelekwa kwa ndugu. Basi hilo ndilo lililomngoja rafiki yangu kama glasi yake ingerudi tena imejaa.

Mzee alipoondoka, mume wangu aliwaza, kisha akapata njia aliyoona ni ya huruma. Kanisa letu lina desturi ya kumpelekea Meza mgonjwa nyumbani. Angetangaza kwamba mke wa msaidizi anaumwa, tumpelekee mkate na glasi kwake, ale mbele yetu na mbele ya mzee mmoja, halafu mzee akawaambie wengine kwamba amemeza. Hakuna aibu ya hadharani, hakuna makelele. Nilimshukuru Mungu kwa akili ya mume wangu. Tuliona tumempunguzia mzigo, na kumbe mahali tulipouchagua ndipo penye mzigo wenyewe.

Hapa lazima niseme juu ya nyumba ile.

Mchungaji msaidizi alikuwa amepanga zamani chumba kibovu kilichovuja. Nyumba aliyokaa sasa ilikuwa ya shemasi wetu, fundi umeme wa kampuni, mtu aliyeijenga kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe kwa miaka mingi. Wazazi wa shemasi walitoka Kasai. Yeye alizaliwa Likasi, alibatizwa Likasi, alituwekea taa za kanisa. Kisha wakaja watu wa siasa na kusema kwamba wenye asili ya Kasai si wa hapa. Vijana wakapita mitaani na fimbo na petroli. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi wakaonyeshana nyumba kwa kidole. Familia ya shemasi ilikwenda kulala kwenye kituo cha gari la moshi, yaani kwenye gare, pamoja na maelfu, juu ya magodoro na masufuria yao, wakingoja treni. Watoto walikufa pale kwa kuhara. Siku moja treni ikawachukua. Tangu siku hiyo hakuna aliyewataja kanisani, hata katika maombi. Kuwataja kulikuwa kujitakia kuulizwa uko upande gani, na vijana walikuwa na masikio.

Mimi nilijua kwamba shemasi alimwachia mume wangu funguo. Nilijua kwamba mume wangu alimpa msaidizi. Nilidhani ndivyo walivyopatana.

Basi tulikwenda, mchana, mume wangu na mfuko wa vyombo, mimi na leso nyeupe kichwani, na yule mzee nyuma yetu akikohoa. Msaidizi alitufungulia. Alikuwa amevaa koti, uso wake kama wa mtu anayengoja hukumu. Mke wake alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, mikono mapajani. Nje dirishani niliona mihogo ya mke wa shemasi, mirefu, imechumwa majani upande mmoja.

Mume wangu alitandika kitambaa juu ya meza. Akasoma. Akamega mkate. Alipomfikia, yule mama alitikisa kichwa.

"Baba, non. Si humu."

"Mudogo," nikasema, "kula tu. Kidogo tu. Batu beko wanataka kukuua."

"Yaya, najua."

Mzee akapiga hatua mbele. "Munaona? Munaona na macho yenu?"

"Mzee, ngoja," akasema mama yule. "Weye unaniitaka mulozi. Minye nakula sombe ya mwanamuke mwenye anafukuzwa. Nalala pa kitanda yake. Nafungua mulango yake na funguo. Ile njo bulozi yangu. Sasa muniletee na Bwana Yesu humu ndani, nimukule mu nyumba ya kuiba?"

"Nyumba haikuibwa," akasema mume wake haraka. "Tulipewa. Baba Pasteri ndiye alinipa."

Ndipo yule mama alipomgeukia mume wangu. Hakusimama. Alimtazama kutoka chini, kwa adabu, kama binti anavyomtazama baba.

"Baba, minye nilipelekaka bukari kule gare. Mama shemasi alinishika mukono. Akasema, tumeambia Pasteri afunge nyumba, mutu asilale, mpaka tutume habari. Alisema vile. Kwako weye bwana yake alisema nini?"

Nilimwangalia mume wangu. Nilikuwa nimelala naye kitanda kimoja kwa miaka mingi, nikajua sauti ya hatua zake, nikajua lini ana njaa kabla hajasema. Sikuujua uso ule. Alikunja kitambaa cha Meza polepole, pembe kwa pembe, akarudisha mkate mfukoni.

"Tutaongea," alisema.

Njiani yule mzee alirudiarudia, "Hakukula. Hakukula." Hakuwa amesikia jambo lingine lolote, au hakutaka kusikia. Baadaye nilimshuku kwamba alisikia vizuri sana. Wakati ule watu wengi wa mji walikuwa na kiti au cherehani au nyumba iliyokuwa na mwenyewe aliyefukuzwa.

Tulipofika nyumbani nilimuuliza. "Baba, shemasi alikuambia nini?"

"Aliniambia nitunze."

"Mke wake alisema mengine kule gare."

Alivua viatu, akavipanga vizuri ukutani. "Alisema nifunge. Mama, ningefunga, vijana wangevunja siku ya pili. Nilisema heri alale mtumishi wa Mungu kuliko alale mwizi. Msaidizi alikuwa na mtoto mwenye kifua, chumba kinavuja. Wewe ungefanya nini?"

Kila neno alilosema lilikuwa na sababu. Lakini tangu saa ile nilianza kumsikiliza mume wangu kama nilivyozoea kuwasikiliza wauzaji wa sokoni. Akiomba, nilipima maneno. Akisema "Bwana alinionyesha," nilijiuliza alionyeshwa au alitaka. Mtu aliyeolewa na mchungaji hula, hulala na hulea watoto ndani ya imani ya mwingine. Ile imani ikipata ufa, huna mahali pa kwenda kuomba ushauri, kwa maana anayetoa ushauri ndiye yule. Nilimwomba Mungu moja kwa moja, jikoni, nikipepeta unga. Nilimwambia simwelewi. Nilimshukuru pia kwamba rafiki yangu si mchawi, na nikaona haya, kwa sababu kushukuru huko kulionyesha nilichokuwa nimekiamini.

Nilikwenda kumwona kabla ya Meza kufika. Alikuwa uani, anafunga godoro kwa kamba.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Yaya, nilifikiri unajua. Funguo ililala mu nyumba yako. Nilikuwa nangoja weye useme."

"Mimi nilikuwa nangoja wewe useme."

Akaikaza kamba kwa goti. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akacheka kidogo. "Na ile sombe yangu, uliikula?"

"Hapana."

"Ulifanya vizuri. Haikuwa yangu."

Alihamia kwa shangazi yake upande wa Kakontwe, karibu na machimbo ya chokaa, katika chumba cha udongo, vumbi likaingia mpaka kwenye chungu. Mume wake alikataa kwanza, akasema hawezi kuwapeleka watoto katika vumbi kwa ajili ya neno la mwanamke. Alikaa peke yake katika nyumba ya matofali mpaka Jumamosi, kisha akaonekana naye njiani na sanduku kichwani. Majirani waliokuwa wamekaa vibarazani walisema mchawi ameshindwa na maombi, anakimbia.

Jumapili ya Meza kanisa lilijaa kuliko siku zote. Hata waliokuwa wakichimba Kambove walirudi. Hawakuja kwa ajili ya Bwana, walikuja kutazama shingo ya mtu. Mzee alikuwa amehama benchi lake, akakaa mahali anapoweza kuona vizuri.

Mume wangu alisoma maneno yale yanayosomwa kila mara, kwamba mtu ajihoji nafsi yake kabla ya kula. Niliyasikia mara nyingi mno hata nikawa siyasikii. Siku ile niliyasikia. Sinia ikaanza kupita, na mkate pamoja nayo. Ilinifikia mimi kwanza. Nilishika mpini wa sinia, nikaona glasi yangu na ngai-ngai nyekundu ndani yake, na nikajua kwamba funguo za nyumba ya matofali zilikuwa zimerudishwa tangu jana na kwamba ziko kwangu, zimening'inia msumarini nyuma ya mlango wa chumba chetu, na kwamba aliyezining'iniza hajamwambia mtu yeyote neno. Nikaipitisha sinia. Sikujifanya kunywa. Niliipitisha tu, waziwazi.

Rafiki yangu aliipokea. Alikula mkate, akautafuna mpaka ukaisha. Akainua glasi akanywa yote, na koo lake likaonekana na kanisa zima.

Hakuna aliyekuwa akilitazama. Wote walikuwa wananitazama mimi.

Mume wangu alimaliza ibada. Sauti yake haikukatika, ila mikono ilipoinuka kwa baraka niliona haikufika juu kama siku zote. Nyumbani alikula bukari yake. Kisha akasema, "Na wewe sasa."

"Mimi ni mke wa mwenye funguo, Baba."

Jumatatu alichukua nyundo na misumari akaenda akaipigia ile nyumba mbao mlangoni na madirishani. Alifanya hivyo mchana, watu wakimwona. Majira ya mvua hayakuisha kabla ya vijana kuja. Walibomoa mbao, wakatoa mabati yote, milango, hata waya ambazo shemasi alizipitisha kwa mkono wake. Tulikwenda kuona. Mvua ilikuwa imeingia, udongo wa kuta za ndani unateremka. Mume wangu alisimama katikati ya sebule isiyo na paa na kusema, "Nilikuambia." Hakusema kwa kujivuna. Nilimwambia, "Ndiyo, uliniambia." Yote mawili yalikuwa kweli, kwamba alisema kweli juu ya vijana, na kwamba nyumba haikuwa yake kutoa. Niliinama nikachomoa mihogo iliyobaki, nikaikata vijiti vya kupanda nikamgawia jirani.

Na mimi nikawa ninayesemwa. Mama wa maombi walibadilisha ndoto, sasa aliyeonekana alikuwa mwanamke mnene mwenye leso nyeupe, mtu mkubwa. Wanawake walipunguza kuja kwangu. Sahani yangu ya mboga ilirudishwa na shukrani nyingi na bila kuguswa, na nilimjua Mungu kuwa ana subira kwa kunifundisha jambo moja mara mbili. Aliyekuja bado ni rafiki yangu, kwa miguu kutoka Kakontwe, na vumbi jeupe miguuni. Alikula kila nilichompa.

Meza nyingine ilipokaribia, mume wangu hakuniuliza kama nitakula. Alisimama mimbarani kabla ya kumega mkate na kusema kwamba kuna familia tumeacha kuiombea. Akaitaja, baba, mama na watoto wote, kwa majina yao ya ubatizo. Akasema walituachia nyumba tuifunge, na yeye aliifungua, na sasa imebomolewa, na kama wako hai Mungu awaambie kwamba tunaomba radhi. Nilisikia mtoto akinyonya. Mtu mmoja nyuma akasimama akatoka. Kisha familia nzima. Kisha wengine, viatu vikiburura. Mume wangu aliendelea kuomba, macho yamefungwa kwa hofu, kwa sababu maneno kama yale yalitosha kumletea vijana mlangoni. Sinia iliponifikia, nilikunywa.

Mwisho wa maombi walikuwa wamebaki wachache. Yule mzee alikuwa mmoja wao. Alikuwa amekaa wima mahali pake pale pa kuonea vizuri, na mume wangu aliposema amina, yeye peke yake aliitika kwa sauti kubwa, "Amina!" Nilimgeukia. Alikuwa ananitazama. Amekwisha kufa sasa, na nimemwombea mara nyingi, lakini mpaka leo sijui kama aliitika kwa moyo au alitaka kukumbuka vizuri nani alibaki, akawaambie vijana.